Kufunga Kinga za Rasharasha na Kutunza Lethi ya Chuma Katika Karakana ya Nyumbani

Lethi ndogo nyingi, yaani mashine za kukerezea chuma, zinazotengenezwa kwa ajili ya karakana za nyumbani huja bila kinga ya nyuma, au huja na bati jembamba lililoshikwa kwa skrubu mbili, ambalo huanza kutetemeka na kupiga kelele mara tu mashine inaposhika kasi. Fundi anayekereza chuma kikavu huenda asiuhisi upungufu huo kwa muda mrefu. Siku anapoanza kutumia maji ya kupozea au oili ya kukatia, ndipo ukuta, mota na kisanduku cha swichi vinapoanza kupokea kile kilichopaswa kubaki katika sinia la mashine.

Mwongozo huu unaeleza ufungaji wa kinga na utunzaji wa mashine kwa pamoja, kwa sababu moja ikifanywa bila kuifikiria nyingine, zote mbili huharibika. Kinga iliyofungwa vibaya huficha uchafu, huziba vitundu vya kutilia oili, na humfanya mwenye mashine aahirishe usafi hadi kutu iingie. Kwa maoni yangu, lethi isiyo na kinga ya nyuma lakini inayofikika kila upande itadumu kuliko lethi iliyozungushiwa mabati yasiyotoka. Kwa hiyo, isipokuwa kinga ya chaki (kishikio kinachobana na kuzungusha kipande kinachokerezwa), ambayo hukaa kwenye bawaba, kila kinga inayoelezwa hapa imekusudiwa itolewe kwa mkono, bila spana.

Rasharasha huelekea wapi

Katika mzunguko wa kawaida, sehemu ya juu ya chaki huja upande wa fundi na sehemu ya chini huenda upande wa nyuma. Tone lililo kwenye ukingo wa chaki halirushwi moja kwa moja kutoka katikati kwenda nje, bali hufuata mwelekeo ambao ukingo ulikuwa ukielekea tone lilipoachia. Ndiyo maana matone ya juu humjia fundi kifuani na usoni, ya chini hupiga nyuma karibu na sinia, na yale ya upande wa nyuma hupanda juu kuelekea dari. Chaki yenye kipenyo cha milimita 100 inayozunguka mara 1000 kwa dakika ina kasi ya takriban mita 5 kwa sekunde kwenye ukingo wake, nayo hiyo inatosha kulifikisha tone upande wa pili wa chumba kidogo.

Kutokana na hayo, bamba moja la nyuma halitoshi. Panahitajika bamba la nyuma lililo refu kwenda juu na lenye ukingo uliopinda kuja mbele, kinga ya chaki inayofunika upande wa fundi, na vifuniko vidogo vinavyolinda kigari (sehemu inayobeba kisu na kutembea juu ya kitanda cha mashine) na parafujo ya kuongozea (skrubu ndefu inayokisogeza).

Mabamba na vifaa

Kwa bamba la nyuma, chuma cha unene wa milimita 1.2 hadi 1.5 au alumini ya milimita 2 hufaa. Alumini ni ghali zaidi, lakini haishiki kutu, hukatika kwa urahisi na hailii sana inapotetemeka. Ukitumia chuma, kipake rangi ya msingi na rangi ya mafuta baada ya kutoboa matundu yote, wala si kabla.

Kwa sehemu unayotaka kuona kupitia, tumia polikaboneti ya milimita 3 au 4. Akriliki hufanana nayo machoni, lakini ikigongwa na kipande cha chuma hupasuka vipande vyenye ncha kali, na kioo cha dirisha hakifai kabisa. Polikaboneti nayo ina udhaifu wake: petroli, thina na baadhi ya maji ya kupozea huishambulia polepole, ikaota mistari myembamba kama ya utando wa buibui. Ikifikia hapo ibadilishe, hata kama bado unaona kupitia kwake, kwa kuwa nguvu zake zimekwisha.

Andaa pia chuma cha engo cha milimita 25, bolti za M6 zenye nati za mabawa, washa za mpira, mkasi wa bati, tupa, drili, kalamu ya kuchoria chuma na kadibodi ngumu. Kadibodi ni ya lazima. Bamba lililokatwa kwa vipimo vya kichwani huishia kugongana na kitelezi.

Hatua ya kwanza: kupima mashine ikiwa imetanuka

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kisha iweke mashine katika hali ambayo inachukua nafasi kubwa kuliko zote: funga chaki kubwa uliyonayo, fungua taya zake hadi mwisho wa kiasi kinachoruhusiwa, sukuma kitelezi cha mkingamo (kinachopeleka kisu mbele na nyuma kuvuka kitanda) hadi mwisho wa upande wa nyuma, geuza kitelezi cha juu pembeni, na usogeze mkia (sehemu inayoshika ncha ya pili ya kipande kinachokerezwa) hadi mwisho wa kitanda. Watu wengi hupima kitelezi kikiwa katikati, halafu siku ya kukereza uso wa kazi (yaani kipande kinachokerezwa) wanakuta kisu hakiwezi kufika katikati kwa sababu bamba limekizuia kitelezi.

Toka kwenye sehemu iliyojitokeza nyuma zaidi, acha nafasi ya angalau milimita 25, na hapo ndipo bamba lisimame. Urefu wake kwa mlalo uanzie sawa na uso wa kichwa cha mashine (sehemu inayozungusha chaki) na upite kidogo mwisho wa kitanda. Kwa kwenda juu, katika lethi yenye kimo cha milimita 90 hadi 125 kutoka kitandani hadi katikati ya mhimili, milimita 250 juu ya katikati huwa zinatosha, ikiwa milimita 50 za mwisho zimepindwa kuja mbele kwa nyuzi 30 hadi 45. Tazama pia mahali mota inapovutia hewa. Bamba likiziba feni ya mota, utakuwa umeikinga na maji ukaiunguza kwa joto.

Kata kadibodi kwa vipimo hivyo, isimamishe kwa gundi ya karatasi, na uzungushe kila mkono wa mashine kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Kosa lililoonekana kwenye kadibodi hugharimu mkasi na dakika chache tu.

Hatua ya pili: kukata na kukunja bamba

Hamisha umbo la kadibodi kwenye bamba, ukiongeza milimita 10 kila ukingo kwa ajili ya kukunja. Kingo zote zikunjwe kurudi nyuma zenyewe. Ukingo wa bati uliokatwa na kuachwa hivyo hivyo utakukata mkono siku unapolitoa bamba likiwa na oili. Kwa kukunja bila mashine ya kukunjia, bana bamba katikati ya vyuma viwili vya engo kwenye jiliwa, halafu ligonge polepole ukiweka kipande cha mbao kati ya nyundo na bati, ukienda mwisho hadi mwisho badala ya kumaliza sehemu moja kwanza.

Ukingo wa chini ndio unaoamua kama kazi yote imefaa. Ni lazima uingie ndani ya sinia, angalau milimita 10 kutoka kwenye mdomo wake, ili kioevu kinachotiririka juu ya bamba kidondokee ndani. Bamba linaloshuka kwa nje ya sinia hukusanya rasharasha yote kwa ufanisi mkubwa na kuimwaga yote sakafuni. Kama sinia ni fupi na haliwezi kupokea bamba, afadhali kulibadilisha sinia kwanza.

Kwenye ncha mbili za bamba, kunja mbawa za milimita 30 kuja mbele. Upande wa kichwa cha mashine ubawa huo ukatwe kufuata umbo la kichwa, ukiacha mwanya mdogo unaozibwa kwa kipande cha mpira.

Hatua ya tatu: kulisimamisha

Bamba lisimame juu ya nguzo mbili za engo zilizofungwa kwenye sinia au kwenye meza, si kwenye kichwa wala kitanda cha mashine. Kichwa cha lethi yenye giya hubeba oili ndani, na tundu moja lililotobolewa mahali pasipostahili hukifanya kichwa kivuje daima. Isitoshe, bamba lililofungwa moja kwa moja kwenye chuma cha kuvalia (chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, ambacho ndicho mwili wa mashine) hupokea mtetemo wote na kulia.

Kwenye bamba toboa matundu yenye umbo la tundu la ufunguo, yaani duara pana chini yake likiwa na mfereji mwembamba kwenda juu. Bolti za nguzo hupita kwenye duara, bamba hushuka hadi bolti ziketi kwenye mfereji, kisha nati za mabawa hukazwa kwa vidole. Weka washa ya mpira wa milimita 2 au 3 kati ya bamba na nguzo.

Kama hakuna njia nyingine ila kutoboa chuma cha kuvalia, hakikisha kwanza unajua kilichopo nyuma yake. Kwa hesi (mizunguko ya skrubu) ya M6 ya kawaida, toboa kwa biti ya milimita 5, kisha kata hesi kwa tepu pole pole. Chuma cha kuvalia hutobolewa kikavu, na unga wake mweusi hukwangua kama msasa, kwa hiyo funika kitanda kwa kitambaa kilicholowa oili kabla ya kuanza na uuvute unga wote kwa mashine ya kunyonya vumbi unapomaliza.

Mahali nguzo zinapopenya sinia, ziba kwa silikoni. Epuka ile inayonuka siki inapokauka, kwa sababu hutoa asidi inayoanzisha kutu chini yake. Ipo aina isiyo na asidi, na ndiyo ya kutumika kwenye chuma.

Hatua ya nne: kinga ya chaki

Kinga hii huwa na umbo la nusu duara, ikining'inia kwenye fito iliyo juu ya kichwa cha mashine ili iinuliwe kazi inapofungwa na kushushwa inapokerezwa. Nafasi yake ya ndani ipimwe kutoka kwenye ncha za taya zikiwa zimetoka nje, si kutoka kwenye mwili wa chaki, na kuongezwa milimita 20. Bawaba iwe ngumu kiasi kwamba kinga hubaki juu yenyewe inapoinuliwa. Kinga inayoanguka juu ya chaki inayozunguka ni hatari kuliko rasharasha iliyokusudiwa kuizuia.

Inawezekana kuunganisha swichi ndogo kwenye bawaba ili mota isimame kinga inapoinuliwa. Jambo hilo ni zuri, kwa masharti kwamba kuishusha kinga kusiwashe mota tena yenyewe, bali fundi abonyeze kitufe cha kuwashia. Hilo huhitaji swichi ya sumaku inayoachia umeme unapokatika, na uunganishaji wake ufanywe na fundi umeme. Ikumbukwe pia kwamba kinga ya namna hii huzuia kioevu na maranda ya chuma. Haikuundwa kuzuia kazi nzito iliyochomoka kwenye taya.

Hatua ya tano: kigari na parafujo

Nyuma ya kitelezi cha mkingamo ning'iniza kipande cha mpira cha milimita 2 kinachofunika reli za kitanda. Mpira wa kawaida huvimba ukikaa kwenye oili, hivyo tafuta wa nitrili. Parafujo ya kuongozea, hasa katika lethi ndogo ambazo imeachwa wazi chini ya ukingo wa mbele wa kitanda, ifunikwe kwa bati lililokunjwa kwa pembe mraba. Uhakikishe kigari kinapita bila kugusa bati hilo na kwamba wenzo wa nusunati (nati inayounganisha kigari na parafujo) unafunguka na kufungika kikamilifu. Kwenye ncha za kigari, kama hakuna vifutio, funga vipande vya felti vilivyoloweshwa oili vinavyoburuta juu ya reli. Gharama yake ni ndogo na hupunguza ulikaji wa reli kuliko kinga nyingine yoyote.

Baadhi ya watu hushikiza kinga ndogo kwa sumaku. Binafsi sizipendelei kwenye lethi, kwa kuwa hukusanya maranda ya chuma yasiyotoka kwa brashi na huvisumakisha vifaa vya kupimia vilivyo karibu.

Hatua ya sita: kujaribu

Zungusha chaki kwa mkono mzunguko mzima, peleka kigari mwanzo hadi mwisho, kisha rudisha umeme na uwashe kwa mwendo wa chini kabisa. Panda kasi moja baada ya nyingine. Kama bamba linalia katika kasi moja tu, gundisha ukanda wa mpira katikati ya mgongo wake. Mwisho tandika karatasi sakafuni na ukutani, kereza kwa maji ya kupozea kwa dakika kumi, na uzisome karatasi: matone yatakuonyesha mwanya ulipo.

Baada ya kila kazi

Ondoa maranda kwa brashi, na yale marefu yaliyojisokota kwa ndoano ya chuma, mashine ikiwa imezimwa. Usivae glavu mbele ya mhimili unaozunguka, na usitumie hewa ya kompresa kusafisha, kwa sababu hewa husukuma chembe za chuma chini ya kigari na ndani ya beringi, mahali ambapo brashi haingezifikisha kamwe. Futa reli, kisha zipake oili nyembamba.

Kama umetumia maji ya kupozea, legeza mkia na uusogeze, ufute chini yake, ufanye vivyo hivyo chini ya kigari. Maji yaliyobanwa kati ya vyuma viwili hayakauki upesi na huacha alama ya kutu ndani ya usiku mmoja.

Oili ipi, mahali gani

Kwa reli na vitelezi hutumika oili ya reli ya daraja la ISO VG 68 (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi), ambayo hunata na haitiririki upesi. Kichwa chenye giya mara nyingi huhitaji oili nyepesi ya VG 32 au 46. Fuata kitabu cha mashine, na utazame kioo cha kupimia oili kabla ya kuwasha. Lethi nyingi ndogo zina beringi zilizozibwa kiwandani na hazihitaji oili mhimilini, ilhali lethi kongwe zenye bushi huhitaji vikombe vyake vijazwe kila zinapotumika.

Grisi isipakwe kwenye reli. Hushika chembe za chuma, na mchanganyiko huo huila reli kila kigari kinapopita. Oili ya injini za magari nayo si chaguo jema: imetiwa viambato vinavyoufanya uchafu uelee hadi uchujwe na filta, na lethi haina filta.

Maji ya kupozea

Kwa kazi nyingi za nyumbani, oili ya kukatia inayopakwa kwa brashi inatosha, na chuma cha kuvalia pamoja na shaba nyeupe hukerezwa vikavu. Ukitumia oili inayochanganyika na maji, uwiano wa sehemu 1 ya oili kwa 20 za maji ni wa kawaida. Mimina oili ndani ya maji huku ukikoroga, kwani kumimina maji ndani ya oili hutoa mchanganyiko unaojitenga. Maji hufuka na oili hubaki, kwa hiyo unapoongeza, ongeza mchanganyiko mwepesi. Harufu mbaya ni dalili ya bakteria: mwaga mchanganyiko wote mahali panapokusanywa taka za oili, si kwenye mfereji, kisha osha tangi. Mashine itakayokaa wiki kadhaa bila kazi isiachwe na maji haya tangini.

Vitelezi na chaki

Kisu kinapotetemeka na kuacha uso wenye mawimbi, wengi hulaumu kisu, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye gibu, ule ukanda wa chuma unaobana kitelezi kisicheze. Safisha na utie oili kwanza. Leta kitelezi katikati ya mwendo wake, legeza nati za kufungia, kaza skrubu kidogo kidogo ukianzia ya katikati hadi mkono uhisi ukinzani, kisha rudisha kiasi kidogo sana. Shikilia kila skrubu kwa ufunguo unapokaza nati yake, la sivyo itazunguka pamoja nayo. Weka saa ya kupimia kwenye kishika kisu na ukisukume kwa mkono: ikisogea zaidi ya milimita 0.03, rudia. Kitelezi kilicholika hubana kwenye ncha na kulegea katikati, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia; kinahitaji kukwanguliwa upya. Ulegevu wa parafujo ni jambo jingine, na hauondolewi kwa gibu.

Kabla ya kuifungua chaki, laza ubao juu ya reli. Toa taya, safisha mifereji kwa brashi na mafuta ya taa mbali na moto, tia oili nyepesi, na uzirudishe taya kwa kufuata namba 1, 2 na 3. Zikikosewa mpangilio hazitakutana katikati. Mkanda na puli huhitaji kutazamwa tu kama kuna nyufa na kama mkanda unateleza.

Kitanda kilichosokoteka

Meza ikihamishwa, au bolti za miguu zikikazwa bila usawa, kitanda husokoteka na kazi hutoka pana upande mmoja. Funga kwenye chaki fito ya milimita 25 ikitokeza milimita 150, bila kuishika kwa mkia. Acha kola mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni, kisha zikereze zote kwa kina kidogo, kisichozidi milimita 0.1, ili fito isipinde. Pima kwa maikromita. Kola ya mwishoni ikiwa kubwa, inua kidogo mguu wa mbele wa upande wa mkia kwa kipande chembamba cha bati; ikiwa ndogo, inua wa nyuma. Kereza na upime tena hadi tofauti ishuke chini ya milimita 0.02. Tofauti isiyobadilika hata miguu ikirekebishwa huonyesha kwamba kichwa chenyewe hakijanyooka na kitanda, na kukisogeza kichwa ni kazi ya mtu mwenye vifaa na uzoefu.

Mashine inapopumzishwa

Ikiwa lethi itakaa miezi bila kutumika, toa kinga zote, safisha nyuma yake, toa felti zilizoloa maji ya kupozea na uweke nyingine. Paka nyuso zote zisizo na rangi oili nzito au mafuta ya kuzuia kutu, pamoja na taya na hesi za mhimili, legeza mkanda, na uifunike mashine kwa kitambaa cha pamba badala ya nailoni, kwa kuwa nailoni hunasa unyevu ndani. Zungusha mhimili kwa mkono mara moja kwa mwezi na usogeze kigari na mkia kutoka mahali ulipoviacha.